Neno la Kumi

Desturi ya Kiyahudi haipendi watu wahesabiwe kwa namba, kama mbuzi wanaoingizwa zizini. Panapohitajika kujua kama wametimia watu kumi wanaotosha kwa sala ya pamoja, mzee huzitazama nyuso zilizopo na kumpa kila mmoja neno moja la mstari wa tisa wa Zaburi ya 28, ambao kwa Kiebrania una maneno kumi kamili. Mstari huo unamwomba Mungu awaokoe watu wake, aubariki urithi wake, awachunge na kuwabeba hadi milele. Neno lake la tisa ni “hadi”, na la kumi ni “milele”. Nilifundishwa mstari huo mwaka 2010 mjini Omaha, katika jimbo la Nebraska nchini Marekani, nikiwa bado mgeni wa kila kitu mjini humo, na usiku mmoja wa Februari mwaka 2013 nilisimama katika sebule ya watu waliofiwa nikausikia ukikatika kwenye neno la tisa. Karibu yote niliyojifunza ujanani kuhusu kuwaongoza wenzangu yamejikusanya katika usiku huo, lakini hayaeleweki bila ya miaka iliyoutangulia.

Nilizaliwa Mombasa mwezi Novemba mwaka 1996. Mama ni Mtaita aliyekulia Changamwe katika nyumba ya Waanglikana, na baba ni Myahudi wa Omaha aliyekuja Pwani kufundisha hisabati kwa miaka miwili, akakaa kumi na mitano. Uyahudi wa utoto wangu ulikuwa mambo machache sana: mishumaa miwili aliyoiwasha baba jioni ya Ijumaa kabla jua halijazama, mkate ambao mama alijifunza kuusuka kama anavyosuka nywele, na safari moja ya basi hadi Nairobi kwa ajili ya Pasaka, tulipokwenda kusali katika sinagogi iliyo karibu na chuo kikuu. Sikuwahi kuwa na rafiki wa rika langu aliyekuwa Myahudi. Babu alipodhoofika tulihamia Omaha, mwezi Juni mwaka 2009, mimi nikiwa na miaka 12, Kiingereza changu kikiwa cha shule ya Mombasa na Kiebrania changu kikiwa cha baraka tatu nilizozikariri.

Hapa inanipasa nieleze jambo moja la sheria. Kwa sheria ya kale ya marabi, mtoto hufuata Uyahudi wa mama yake, na mama yangu si Myahudi. Madhehebu ya Reform ya Marekani, ambayo ndiyo ya sinagogi ya babu, yaliamua mwaka 1983 kwamba mtoto ambaye mzazi wake mmoja ni Myahudi, awe baba au mama, akilelewa kwa dhahiri katika Uyahudi, ahesabiwe Myahudi. Madhehebu ya Conservative na ya Orthodox hayakuufuata uamuzi huo. Kwa hiyo mwezi Mei mwaka 2010 nilisimama mbele ya jamii yetu nikasoma Torati, nikalia kwa furaha pamoja na bibi yangu, huku nikijua kwamba mji ule ule una sinagogi nyingine ambamo nisingeitwa kusoma. Nilikuwa na miaka 13. Nililijua jambo hilo kama mtoto anavyojua kwamba kuna bahari upande wa pili wa dunia.

Mwezi Oktoba mwaka huo binamu yangu alinichukua hadi kwenye kituo cha jamii ya Wayahudi, mahali wanapokutana vijana. Omaha si mji mkubwa, lakini katika habari za vijana wa Kiyahudi una heshima yake. Ni hapo, mwaka 1924, kwa juhudi za Sam Beber na wenzake, lilipoasisiwa shirika la wavulana liitwalo Aleph Zadik Aleph. Siku zile vyama vingi vya wanafunzi vilivyojiita kwa herufi za Kigiriki viliwafungia Wayahudi milango, na vijana hawa wakajichagulia herufi za Kiebrania. Shirika la wasichana, B’nai B’rith Girls, lilifuata mwaka 1944, na leo yote mawili yamo ndani ya BBYO, shirika moja la vijana wa Kiyahudi lenye matawi katika nchi nyingi.

Lililonishangaza si historia hiyo bali namna kazi inavyoendeshwa. Mtu mzima yupo, lakini hukaa nyuma. Wanaoitisha mkutano, wanaotunza fedha, wanaopanga sala ya Sabato, wanaokwenda kuwatembelea wazee katika nyumba yao ya kutunziwa, na wanaobishana juu ya katiba ya tawi ni wasichana wa miaka 14 hadi 18. Vyeo vyao vina majina ya Kiebrania: rais ni N’siah, katibu ni Mazkirah, mweka hazina ni Gizborit. Hoja hutolewa, huungwa mkono, hujadiliwa na kupigiwa kura kwa kanuni za mikutano alizozichapisha Henry Robert mwaka 1876. Mimi nilitoka katika shule ambamo kiranja aliteuliwa na mwalimu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele. Hapa nilimwona msichana wa miaka 15 akiinuka kumwambia rais wake, kwa adabu na bila ya woga, kwamba amekiuka kifungu cha katiba. Rais akaomba radhi, mkutano ukaendelea, na mwisho wa jioni wawili hao wakaondoka katika gari moja. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama jambo hilo mara mbili.

Hata hivyo, mwaka wa kwanza karibu wote sikusema neno. Niliogopa lafudhi yangu, na niliogopa zaidi kuulizwa natoka wapi na watu wema ambao wangelisikiliza jibu kwa huruma. Mwezi Mei mwaka 2011 nafasi ya katibu ilikosa mgombea, nikainua mkono kwa kuwa niliamini katibu huandika tu. Kazi hiyo ilinifaa kuliko nilivyotazamia. Anayeandika kumbukumbu za mkutano humwona kila mtu: nani ametoa hoja, nani amesema mara saba, nani hajafungua kinywa tangu baridi ianze. Ndiye anayeita majina mwanzoni, kwa hiyo ndiye wa kwanza kujua nani hayupo. Nilianza kuyaandika majina ya wasiokuwapo pembeni mwa ukurasa, bila ya kuwa na nia yoyote nayo.

Mama aliyaona majina yale, akaenda chumbani na kuniletea daftari lake mwenyewe. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanawake wa Afrika Mashariki waliokaa Omaha na Council Bluffs, ng’ambo ya Mto Missouri: Wakenya wengi, Watanzania kadhaa, na mama mmoja wa Bujumbura. Walichanga kila mwezi na kupeana kwa zamu, kama ilivyo katika vyama vya kina mama nyumbani. Katika daftari lile, baada ya safu ya majina na safu ya fedha, palikuwa na safu ya tatu iliyoandikwa “Udhuru”. Mtu asipofika, mama alimpigia simu kabla ya kulala, na alichoambiwa ndicho alichokiandika: zamu ya usiku hospitalini, mtoto ana homa, gari halina mafuta, hana raha.

“Chama hakivunjwi na deni, mwanangu,” aliniambia. “Huvunjwa na mtu kukosekana miezi miwili asiulizwe.”

Nilimwelewa kwa akili. Ilinichukua zaidi ya mwaka, na aibu moja kubwa, kumwelewa kwa vitendo.

Kabla ya aibu hiyo palikuwa na kambi. Majira ya joto ya mwaka 2011 nilipelekwa kwenye mafunzo ya viongozi katika kambi ya Perlman, kwenye misitu ya Pennsylvania. Jioni moja kijana mmoja alieleza habari za “Mpango wa Uganda”. Alisimulia vizuri: mauaji ya Wayahudi wa Kishinev, mji uliokuwa katika milki ya Urusi, mwezi Aprili mwaka 1903, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, kumpelekea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka taifa lao wenyewe, wazo la kuwapa Wayahudi ardhi Afrika Mashariki, Kongamano la Sita la Wazayuni mjini Basel kugawanyika kwa uchungu juu ya jambo hilo, ujumbe kutumwa kuikagua ardhi, na Kongamano la Saba, mwaka 1905, kulikataa wazo lenyewe. Ila kila alipotaja Uganda aliweka kidole juu ya Uganda katika ramani. Ardhi iliyokusudiwa ilikuwa nyanda za Uasin Gishu, ambako leo upo mji wa Eldoret, na hiyo ni Kenya. Baba alikuwa amenieleza hayo tukiwa bado Mombasa. Nikainua mkono nikasema, kisha nikasikia kinywa changu kikiongeza swali ambalo sikulipanga: wakati wajumbe wanapiga kura Basel, nani aliwauliza Wamaasai na Wanandi waliokuwa wakichunga ng’ombe kwenye nyanda hizo?

Mshauri wetu hakulijibu swali hilo. Aliniambia nitayarishe kipindi cha saa nzima kwa jioni iliyofuata.

Usiku huo sikulala vizuri. Kipindi chenyewe kilikuwa chepesi: niliwagawa wenzangu katika makundi manne, yaani wakimbizi wa Kishinev, wajumbe wa Basel, maofisa wa serikali ya kikoloni na wafugaji wa nyanda, nikawapa muda wa kujiandaa, kisha nikawaacha wazungumze huku mimi nikiuliza tu. Wafugaji walisema mwisho, na wajumbe wa Basel, ambao walianza kwa kelele nyingi, waliwasikiliza hadi mwisho bila ya kuwakatiza. Wapo waliolala usiku ule bila ya kukubaliana nami, na hilo halikunisumbua. Nilichokipata ni kwamba kile nilichokificha mwaka mzima, kwamba natoka Kenya, ndicho nilichokuwa nacho cha kuwapa wenzangu. Na kwamba yule anayeongoza mazungumzo hana kazi kubwa kuliko kujua ni nani bado hajasema.

Ningelitunza somo hilo, mwaka uliofuata ungekuwa mwepesi. Mwezi Mei mwaka 2012 nilichaguliwa kuwa N’siah wa tawi letu. Makamu wangu, aliyekuwa na dhamana ya programu, alikuwa msichana mtaratibu mwenye mawazo mazuri na mwandiko mbaya. Alinipa mpango wa kipindi cha kwanza cha mwaka. Nikauchukua nyumbani, nikauandika upya, nikamrudishia kana kwamba nimemfanyia hisani. Alinipa wa pili. Nikafanya vivyo hivyo. Wa tatu hakuniletea. Nilijiambia kwamba amelegea, nikazibeba kazi zake zote pamoja na zangu, na moyoni nikajiona shujaa.

Kilele chake kilikuwa chakula cha Sabato cha mwanzo wa mwaka wa shule, Ijumaa moja ya Septemba, kilichokusudiwa kuwavuta wasichana wapya. Nilipanga mimi, nikanunua mimi, nikatandika meza mimi, nikaandika tangazo zuri na kulituma kwa kila mtu aliyekuwa katika orodha. Viti vilikuwa arobaini. Walikuja wasichana kumi na watatu, na sita kati yao walikuwa viongozi ambao ilikuwa lazima waje. Makamu wangu hakuja. Tuliimba baraka ya divai katika ukumbi uliokuwa mkubwa mno kwa sauti zetu, na mikate minane haikuguswa.

Mama alikuja kunichukua saa tatu usiku. Alinikuta ninakunja vitambaa vya meza, akavua koti na kunisaidia, na hakuuliza lolote mpaka tulipomaliza meza ya mwisho. Ndipo akasema: “Mwanangu, hawa uliwaalika, au uliwatangazia?”

Mtu wa Mombasa hahitaji kufafanuliwa swali hilo. Kwetu anayetaka watu wamjie shughulini huenda, au humtuma mtu wake, nyumba hadi nyumba. Huketi, huuliza hali, hutaja siku, na hapo mwenye nyumba hujua kwamba kiti chake kitatazamwa. Kadi iliyochapishwa huja juu ya hayo, si badala yake. Mimi niliyezaliwa katika desturi hiyo nilikuwa nimewatumia wasichana arobaini maneno yale yale kwa dakika moja, nikashangaa kwamba hakuna aliyeyaona kuwa ni yake.

Wiki iliyofuata nilinunua daftari jembamba lenye jalada la kijani, nikampa kila msichana wa tawi ukurasa mmoja. Juu niliandika jina, na chini yake sikuandika chochote ambacho hakukisema yeye mwenyewe. Nilianza kuwapigia simu, wawili au watatu kila jioni, bila ya kuomba kitu. Nilijifunza kwamba mmoja hakuweza kuja Ijumaa kwa sababu ndizo siku za baba yake baada ya talaka. Mwingine hakuwa na mtu wa kumrudisha nyumbani, na kwa miezi sita hakuna aliyewahi kumwuliza. Wa tatu aliona haya kwa kuwa hakujua Kiebrania hata kidogo. Haya yote yalikuwa na dawa, na dawa zenyewe zilikuwa ndogo. Kufikia Desemba tulikuwa wasichana ishirini na wanne katika mkutano wa kawaida, na programu zilikuwa zimegawanywa kwa watu ambao sikuwasahihishia hata nukta.

Kwa makamu wangu nilikwenda mwenyewe. Nilimwomba radhi mlangoni kwao, akanisamehe, na akaniambia kwa upole kwamba hatarudi. Nilikubali, lakini ukurasa wake sikuuchana. Niliendelea kumpigia kila baada ya wiki mbili, na kwa kuwa tawi halikuwa tena mazungumzo yetu, tulizungumza juu ya mbwa wake mgonjwa na mtihani wake wa udereva.

Nitaje kwa ufupi baraza la wanafunzi shuleni, ambamo nilikuwa katibu mwaka huo huo, kwa sababu daftari la kijani ndilo lililonipeleka mbele ya mkuu wa shule. Siku ya mafunzo ya baraza ilikuwa imepangwa Jumatano ya tarehe 26 Septemba 2012, ambayo ilikuwa Yom Kippur, siku ya kufunga na toba. Hapakuwa na nia mbaya. Aliyepanga hakuwa na habari. Ningeweza kuomba ruhusa yangu binafsi nikamaliza. Lakini nilikuwa nimeshazoea kuuliza nani mwingine hatakuwapo, na katika kuuliza nikagundua kwamba wanafunzi wa Kisomali na Wasudani Waislamu walikuwa wakikosa mitihani siku za Idi kila mwaka na kuilipia kwa alama. Tulikwenda wanne, Waislamu wawili, Mkristo mmoja wa Sudan Kusini na mimi, tukiwa na kalenda moja yenye sikukuu zetu zote. Mafunzo yalisogezwa wiki moja, na kalenda ikabandikwa ofisini.

Sasa nifike kwenye usiku wenyewe. Mwezi Februari mwaka 2013 baba wa mweka hazina wetu alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Msiba wa Kiyahudi una matanga ya siku saba, ambayo huitwa kwa jina la namba hiyo, shiva. Wafiwa hukaa nyumbani kwenye viti vifupi, vioo hufunikwa, majirani huleta chakula, na jioni husaliwa palepale sebuleni ili wenye msiba waseme Kadishi, sala ya kumtukuza Mungu ambayo haitaji kifo hata mara moja. Mtu hawezi kuisema peke yake. Panahitajika akidi ya watu kumi waliotimiza miaka 13, nayo huitwa minyani. Familia ya rafiki yangu ilikuwa ya madhehebu ya Conservative, na katika jamii yao wanawake huhesabiwa sawasawa na wanaume.

Jioni nne za kwanza nyumba ilijaa. Jioni ya tano theluji ilianza saa nane mchana na haikukatika. Nilifika kwa miguu na sufuria ya wali aliyoupika mama, kwa mafuta na vyombo walivyotuagiza wenyewe ili usivunje sheria yao ya chakula. Saa moja usiku mzee aliyeongoza sala alisimama katikati ya sebule, akatazama mlango, akatazama saa, kisha akaanza mstari. Alimtazama mjane, mwanawe wa kiume, rafiki yangu, shangazi, mjomba, majirani watatu. Alipofika kwake mwenyewe alisema neno la tisa. Macho yake yakanifikia, yakakaa kwangu kidogo, yakashuka. Alimjua babu yangu. Alimjua na mama yangu.

“Tunamsubiri mmoja,” alisema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote.

Rafiki yangu aliinua uso. “Na yeye je?” akauliza, akinionyesha mimi. Hakuna aliyejibu. Nilihisi joto likinipanda shingoni, na maneno mengi yakaja kwa wakati mmoja: kwamba nimesoma Torati, kwamba mimi ndiye rais wa binti yao, kwamba nimetembea kwenye theluji wakati waliozaliwa na mama Myahudi wamekaa majumbani kwao. Nilimtazama rafiki yangu, nguo yake ikiwa na utepe mweusi uliochanwa wa mfiwa, na nikaona kwamba dakika moja zaidi na angeanza kunipigania, usiku wa tano baada ya kumzika baba yake.

“Nitamtafuta,” nikasema.

Nilisimama kwenye ukumbi mwembamba wa kuingilia, kati ya makoti yaliyolowa, nikafungua daftari. Wa kwanza alikuwa katika mji wa Lincoln, kwa shangazi yake. Wa pili baba yake alijaribu kutoa gari, likakwama. Wa tatu hakupokea. Kisha nikafika kwenye ukurasa wa aliyekuwa makamu wangu. Alikaa mitaa mitatu kutoka pale. Nilimweleza kwa sentensi mbili. Hakuuliza kwa nini mimi niliyekuwa tayari ndani sikutosha, kwa maana alijua. Alisema, “Nipe dakika kumi.” Alifika katika dakika kumi na nne, suruali ya kulalia ikionekana chini ya koti, theluji kwenye kope, akanishika mkono kwa nguvu mara moja na kupita.

Mzee alianza mstari upya tangu neno la kwanza. Safari hii nililisikia la kumi. Rafiki yangu na kaka yake na mama yao wakasimama, wakaisema Kadishi kwa Kiaramu, na panapoitikiwa amina niliitikia kwa sauti yangu yote, kwa kuwa kuitikia amina hakuhitaji kuhesabiwa.

Mama alipokuja kunichukua nilimweleza garini. Aliendesha polepole, akitazama barabara. “Aliyefiwa alisali?” akauliza. Nikasema alisali. “Basi la kwake limekwisha vizuri. La kwako tutalizungumza kesho, ukiwa umelala na kula.” Na kweli tulilizungumza, siku nyingi. Rabi wetu alinieleza kwamba ipo njia ya kuzama katika maji ya mikva, kidimbwi cha utakaso, mbele ya mashahidi watatu, na kwamba baada ya hapo wengi wangenihesabu. Sijaifuata njia hiyo hadi leo. Siidharau, lakini kila ninapoifikiria naona ningekuwa nikikanusha Ijumaa zile za Mombasa, mishumaa ya baba na mkate wa mama. Sheria ya jamii ile ni yao kuishika, na ninaamini mzee yule aliishika kwa uchungu. Ninaamini pia kwamba palikuwa na watu kumi sebuleni kabla mlango haujabishwa. Mambo haya mawili nimeyaweka pamoja kwa miaka mingi sasa, na sijaona kwamba moja limelifuta jingine.

Mwezi Mei nilimkabidhi mwenzangu urais. Alitarajia nimpe daftari la kijani, kwa maana tawi zima lilikuwa na habari zake, nami nilikuwa nimepanga kumpa. Usiku wa kuamkia uchaguzi nililisoma lote, nikaona kwamba talaka, haya na magonjwa yaliyomo humo nilikabidhiwa mimi, si cheo changu. Nikamnunulia jipya lenye kurasa tupu, nikamwandikia majina na namba za simu tu.

Makamu wangu hakurudi kwenye tawi. Watoto humwombolezea mzazi kwa Kadishi muda wa miezi kumi na mmoja, na asubuhi moja ya Januari mwaka 2014 rafiki yangu aliisema ya mwisho katika sinagogi yao. Nilikwenda nikakaa safu ya nyuma. Dakika chache baadaye mtu aliketi kando yangu akiwa na koti lile lile, akaweka glavu zake juu ya kitabu changu cha sala. Watu walikuwa wengi asubuhi hiyo, na mzee hakuhitaji kuanza mstari.